Vibao Kumi na Viwili Vilivyonifundisha Kukopi

Muhula uliopita, siku tatu kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, tulisimama wanne katika karakana ya fundi mmoja jirani na chuo tukiangalia vibao 24 vya plaiwudi. Kumi na viwili vya kushoto, kumi na viwili vya kulia. Kila cha kushoto kilitakiwa kiunganishwe na cha kulia kwa ekseli tatu za chuma, katikati zikae kapi, hizi ambazo wengi tunaziita puli. Tungepata seti 12 za zana ya kufundishia mashine rahisi Kidato cha Pili.

Fundi akapitisha ekseli ya kwanza kwenye kibao cha kushoto. Ikaingia vizuri. Akaipeleka kulia, ikagoma. Akachukua kibao kingine cha kulia, nacho kikagoma. Akatutazama, akauliza kwa upole kabisa: "Walimu, hivi hivi viwili vipimo mlichukulia sehemu moja?"

Mimi ndiye niliyejibu haraka: "Ndiyo fundi, tulikopi."

Na kweli tulikuwa tumekopi. Kumbe hapo hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

Kilichotokea

Michoro tulichora wenyewe kwa FreeCAD, programu ya usanifu ambayo ni ya bure na haihitaji leseni ya kununua. Kwa ambaye hajawahi kuitumia: unaanza kwa kuchora skechi, yaani mchoro bapa wa mistari na duara, halafu unaupa unene ukawa kipande. Skechi si picha tu. Ina umbo, na ina masharti. Sharti linaweza kusema mstari huu uwe mlalo, mistari hii miwili iwe sambamba, au duara hili liwe na kipenyo cha milimita 8. Ukibadilisha sharti, mchoro unajipanga upya wenyewe.

Mimi nilichora kibao cha kushoto: urefu sentimita 30, upana 20, matundu matatu ya milimita 8. Kibao cha kulia kilikuwa karibu sawa, ila kilihitaji dirisha la wanafunzi kuchungulia kamba inavyopita, na ndiyo maana hatukuweza kukata vyote kwa mchoro mmoja na kuvigeuza. Nikafanya ambacho wengi mngefanya. Nikachagua kila kitu, nikabonyeza Ctrl na C, nikafungua skechi mpya, nikabonyeza Ctrl na V. Nikaongeza dirisha. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Wiki iliyofuata mwenzetu alikwenda dukani akakuta nondo laini ya milimita 8 hakuna, ipo ya 10. Pia tukagundua kapi kubwa inagusana na ndogo, hivyo tundu la katikati lazima lisogee milimita 5. Akafungua faili, akabadilisha kibao cha kushoto, akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp: "Nimebadilisha matundu." Sote tukaweka dole gumba. Faili likaenda kukatwa.

Kibao cha kulia hakikujua chochote. Kilibaki na matundu ya milimita 8, na tundu la katikati lilibaki pale pale pa zamani.

Tukamwomba fundi ayapanue tu kwa keekee. Akakataa, na alikuwa sahihi. Matundu ya pembeni yangepanuka vizuri kwa sababu kitovu hakikuhama. La katikati lilikuwa limehama milimita 5. Chukua penseli uone: tundu la zamani lina nusukipenyo cha milimita 4, jipya lina milimita 5, na vitovu vimeachana milimita 5. Nne na tano ni tisa, zaidi ya tano, kwa hiyo matundu yanaingiliana. Ukitoboa utapata tundu lenye umbo la yai na ekseli itacheza ndani yake. Vibao 12, kila kimoja kimetugharimu shilingi 6,000 pamoja na kukata. Jumla 72,000, yaani 18,000 kila mtu, na boom lilikuwa limeshaisha.

Tulivyotoka pale tulimlaumu aliyebadilisha. Hilo nitalirudia mwishoni.

Kuna kukopi na kukopi

Tangu siku ile nimejifunza kwamba neno moja, kukopi, linabeba kazi mbili ambazo hazifanani.

Ya kwanza ni kukopi kwa kukata undugu. Unachukua umbo kama lilivyo wakati huo, na kuanzia hapo nakala ina maisha yake. Ni kama kupiga picha daftari la mwenzako: akisahihisha kosa lake jioni, picha yako haisahihishiki.

Ya pili ni kukopi kwa kuunganisha. Nakala inabaki inamtazama mama yake. Mama akibadilika, mtoto anabadilika.

Wazo la pili si la jana. Mwaka 1963, Ivan Sutherland, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT kule Marekani, aliwasilisha tasnifu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Ilitumia kompyuta iitwayo TX-2, na mchoraji alichora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Ndani yake mtu aliweza kuchora umbo moja likawa kiolezo, kisha akaliita mara nyingi apendavyo. Sutherland alipanga pembesita nyingi zikashikana kama sega la nyuki. Alipobadilisha kiolezo kikawa nusu duara, mchoro mzima ukageuka ukawa kama magamba ya samaki. Hakurudia kuchora gamba hata moja. Kwa hiyo zaidi ya miaka 60 iliyopita kompyuta ilikuwa tayari inaweza kufanya ambalo mimi sikulifanya kwenye laptopu yangu hosteli.

Rafiki zetu wa uhandisi na usanifu majengo wanalijua hili kwa jina jingine. Kwenye AutoCAD ukitumia amri ya COPY unapata nakala huru. Ukitengeneza kwanza BLOCK, kwa mfano ya mlango, kisha ukaipachika sehemu 40, ukirekebisha ile BLOCK milango yote 40 inafuata. Ukiipiga EXPLODE, umekata undugu. Mlango ule umebaki mistari mitupu.

Njia nne za kutumia tena skechi

Nitatumia FreeCAD kwa sababu ndiyo niliyoshika, lakini mantiki ni ile ile kwingine.

Njia ya kwanza ni kunakili na kubandika, yaani Ctrl na C, Ctrl na V. Tangu toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 unaweza kufanya hivyo ndani ya skechi, hata kutoka skechi moja kwenda nyingine. Umbo linakuja, na masharti ya ndani yake yanakuja. Ila vipimo vinakuja kama namba tupu. Nane ni nane. Haikumbuki ilitoka kwa nani. Tena sharti lililokuwa linashikiza umbo lako kwenye kitu ambacho hukukichagua haliji. Njia hii ni nzuri pale unapotaka kuanzia mahali fulani halafu uende zako, mfano kutengeneza toleo la pili la kifaa ukiwa hutaki kugusa la kwanza.

Njia ya pili ni amri iitwayo Carbon Copy. Jina lake linakumbusha ile karatasi ya kaboni ya kitabu cha risiti. Ukiwa ndani ya skechi mpya, unaichagua amri hii kisha unabonyeza skechi ya zamani. Umbo lote na masharti yote yanahamia kwenye skechi yako. Tofauti iko kwenye vipimo: kila kipimo kinakuja kikiwa ni fomula inayosoma thamani kutoka kwa mama. Mama akisema 10, mtoto anasema 10.

Hapa kuna mtego miwili. Kwanza, kilichounganishwa ni vipimo, si umbo. Ukiongeza tundu la nne kwa mama baada ya kunakili, mtoto hatalipata. Pili, sehemu ambayo hukuipa kipimo haina cha kusoma. Kama tundu la katikati ulilikokota tu kwa mausi likakaa mahali palipokupendeza macho, siku ukimkokota mama, mtoto atabaki alipo. Kwa hiyo kabla ya kunakili, hakikisha skechi ya mama imefungwa masharti yote. FreeCAD kwa mpangilio wake wa kawaida inakuonyesha hilo: mistari inageuka kijani. Bila kijani, usinakili.

Njia ya tatu ni jiometri ya nje. Hapa hunakili mchoro mzima. Unaazima mstari au duara moja kutoka kwa kitu kingine likaonekana ndani ya skechi yako kama mstari wa kurejea, kisha unashikiza michoro yako kwenye huo. Unachora duara lako, unaambatisha kitovu chake na kitovu cha lile la kuazima, unaweka sharti la kulingana. Mama akihama, la kwako linahama. Akinenepa, linanenepa. Kama vipande vyako viko kwenye bodi tofauti, programu itakataa kuazima moja kwa moja. Hapo unatanguliza kiunganishi kiitwacho SubShapeBinder, kinacholeta umbo la bodi ile ndani ya bodi hii, halafu unaazima kutoka kwenye hicho.

Njia ya nne ni jedwali la vipimo. Ndani ya FreeCAD kuna jedwali kama ya Excel. Unaandika 10 kwenye kisanduku, unakipa kisanduku jina, tuseme kipenyo, kisha kwenye kila skechi, badala ya kuandika namba, unaandika fomula inayoita jina hilo. Hapa hakuna mama na mtoto. Skechi zote ni ndugu, wanaosoma ubao mmoja. Nondo ikibadilika dukani, unabadilisha kisanduku kimoja.

Nilivyoharibu mara ya pili

Baada ya hasara ile niliapa kuunganisha kila kitu. Kibao cha kulia kikamtazama cha kushoto, kitako kikamtazama cha kulia, mpini ukaazima ukingo wa kitako, kifuniko kikaazima ukingo wa mpini. Nilijiona fundi kweli. Kisha nikafuta kona moja ya mviringo kwenye kibao cha kushoto, tu nione itakavyopendeza. Orodha nzima ikajaa alama nyekundu. Ukingo ambao wengine walikuwa wameuazima ulikuwa umekufa, na aliyemtegemea naye akaanguka, na aliyemtegemea huyo pia.

Toleo la 1.0 limepunguza sana tatizo la programu kupotezana na kingo pale kipande kinapobadilika umbo. Lakini ukingo uliofutwa umefutwa. Hakuna toleo litakalokuazimisha kitu kisichokuwepo.

Fundi wetu wa mbao alinieleza jambo hili bila kompyuta. Nilimkuta anakata vipande vingi vya mguu wa stuli. Kila kipande alikipima kwa kile cha kwanza, ambacho alikuwa amekiandika KIOLEZO kwa penseli na hakukitumia kwa kazi nyingine. Nikamuuliza kwa nini asipimie kwa kile alichomaliza kukata, si kipo mkononi? Akacheka. "Mwanangu, ukipimia kwa cha jana, kosa la jana linakuwa kipimo cha leo."

Piga hesabu yake. Mstari wa penseli una unene. Tuseme kila unapokata unazidisha nusu milimita. Ukipimia vyote kwa kiolezo, kila kipande kinakosea nusu milimita tu. Ukipimia kila kimoja kwa kilichotangulia, cha kumi na mbili kimetoka kwenye cha kwanza kwa hatua 11, na kosa limefika milimita tano na nusu. Stuli hiyo itayumba.

Kwenye kompyuta namba hazinenepi kwa penseli, lakini mnyororo ni ule ule: kadiri unavyokuwa mrefu, ndivyo kukatika sehemu moja kunavyoangusha wengi. Kwa hiyo usipange watoto kwenye foleni, kila mmoja akimshika shati aliye mbele yake. Wapange kama nyota, wote wakimtazama mmoja katikati. Huyo wa katikati awe ndiye anayebadilika mara chache zaidi: jedwali la vipimo, au skechi moja ya mama ambayo haina kazi nyingine yoyote isipokuwa kubeba vitovu vya matundu na mipaka mikuu. Kona za mviringo, mapambo na madirisha yasiwe mama wa mtu.

Swali moja kabla ya kubonyeza

Nimeyafupisha yote haya kuwa swali moja, na nimelibandika juu ya meza yangu: kile cha kwanza kikibadilika kesho, nataka na hiki kibadilike?

Kama jibu ni hapana, bandika tu, na usijisikie vibaya. Kama ni ndiyo kwa vipimo peke yake, tumia Carbon Copy au jedwali. Kama ni ndiyo hata kwa umbo na mahali, azima jiometri. Kama hujui, maana yake bado hujaelewa kifaa chako kinafanyaje kazi. Funga laptopu, chora kwenye karatasi kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu, zoezi ni la nusu saa. Fanyia skechi zote ndani ya bodi moja na kwenye bapa moja ili uanze kirahisi. Chora mstatili wa milimita 100 kwa 60, weka tundu la milimita 8 ambalo kitovu chake kiko milimita 20 kutoka kingo mbili, funga masharti mpaka igeuke kijani. Tengeneza watoto watatu: mmoja kwa kubandika, mmoja kwa Carbon Copy, mmoja kwa kuazima lile duara. Sasa rudi kwa mama ufanye mambo matatu kwa zamu: badilisha kipenyo kiwe 10, sogeza kitovu milimita 5, kisha ongeza tundu la pili. Kabla ya kila badiliko andika utabiri wako kuhusu kila mtoto. Ukikosea utabiri, hapo ndipo somo lako lilipo.

Sisi tunaosomea ualimu tuna sababu nyingine ya kulitafakari hili. Mwanafunzi anayekopi jibu la ubaoni anachukua umbo bila masharti. Namba zote zipo daftarini, zimepangika vizuri, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Mbadilishie 8 iwe 10 kwenye mtihani, umeona mwenyewe kinachotokea. Niliwaona hao wanafunzi nikiwa mazoezini, na nilijiona na mimi, maana madesa ya mwaka wa kwanza niliyapitia hivyo hivyo.

Deni langu

Nilisema nitarudi kwa mwenzetu tuliyemlaumu. Yeye alibadilisha kilichotakiwa kubadilishwa, mahali panapostahili, na akatoa taarifa. Mimi ndiye niliyekata undugu wa vibao vile na sikumwambia mtu. Yeye alipoona vibao viwili vinafanana, aliamini vimeunganishwa. Nani angeamini vinginevyo? Kwenye skrini nakala huru na nakala iliyounganishwa zinafanana kabisa mpaka siku moja ibadilike.

Kwa hiyo sasa kwenye kila faili la kundi, skechi ya mama ninaipa jina linaloanza na MAMA, na nakala huru ninaziandika HURU. Ni herufi nne tu, ila zingetuokolea 72,000 na wiki nzima ya kununiana.

Tulikata upya vibao 12 vya kulia, safari hii kutoka kwenye jedwali moja. Ekseli zikapita. Shuleni, Kidato cha Pili walivuta kamba, mzigo ukapanda, wakapiga makofi kana kwamba sisi ndio tuliogundua kapi. Vile vibao vilivyoharibika tulivipiga msasa tukawapa wanafunzi wa kuandikia wakiwa nje. Kimoja nilikirudisha chuoni, nikampelekea yule mwenzetu na kumwomba msamaha. Akakigeuza geuza, akachungulia kwenye tundu la katikati, akaniambia, "Hiki sasa usikikopi."